Habari za Mnyoo wa Ini, na Jinsi Asili Yake Ilivyojulikana

Mtu akifika machinjioni asubuhi na kusimama karibu na mkaguzi wa nyama, ataona kwamba mkaguzi hatosheki na kulitazama ini kwa nje tu. Hulipindua, hulibonyeza kwa vidole, kisha hulipasua kwa kisu mahali mirija ya nyongo inapokutana. Mara nyingi haitoki ila nyongo. Lakini siku nyingine kisu hukwaruza kana kwamba kimepita mchangani, na katika ile mirija hutoka vitu vyembamba vya rangi ya kahawia, vimejikunja kama majani makavu. Asiyejua hudhani ni vipande vya ini lenyewe, hata aone kimoja kinajikunjua polepole. Huo ndio mnyoo wa ini. Ini hilo haliuzwi. Hutupwa shimoni, na mwenye ng'ombe hurudi kwake na fedha pungufu.

Watoto wa shule wakionyeshwa mnyoo huo huuliza swali moja, nalo ni swali jema: Umeingiaje humo? Ng'ombe hula majani na kunywa maji. Ini limefungiwa ndani ya mwili, wala halina mlango wa nje. Swali hilohilo liliwashinda wenye elimu wa Ulaya kwa miaka 500 na zaidi, na katika muda huo wote aliyelipa gharama ya kutojua si mwenye elimu, bali mchungaji. Twapenda kuwasimulia wasomaji jinsi jibu lilivyopatikana, kwa kuwa mifugo yetu nayo imo katika habari hii, pamoja na twiga na viboko wa nchi zetu.

Katika Ufaransa aliishi mtu aitwaye Jehan de Brie, aliyekuwa mchungaji tangu utoto wake. Mwaka wa 1379 alitunga kitabu cha kutunza kondoo kwa ajili ya mfalme wake, Charles wa Tano. Alikuwa amewaona kondoo waliokonda na kufa, maini yao yamejaa minyoo, akasema kwamba sababu ni mmea mmoja uotao penye majimaji. Kondoo akiula, ubaya wake hukaa katika ini, ini likaoza na kuzaa minyoo. Hata leo Wafaransa huuita mnyoo huo kwa jina moja na la mmea ule, yaani douve. Tusimcheke mzee huyo. Alikosea, lakini kosa lake lilikuwa karibu sana na kweli, maana hatari imo majanini kweli, tena katika majani ya penye maji. Ila haimo ndani ya jani, imeshikamana nalo kwa nje, nayo ni ndogo kuliko mbegu ya mchicha.

Waingereza nao waliujua ugonjwa huo, wakauita "kuoza", na mnyoo wakaupa jina la samaki bapa wa bahari yao, aliye jamii ya yule ambaye watu wa pwani humwita gayogayo. Mwaka wa 1523 kilitoka kitabu cha kilimo cha Fitzherbert, ambamo ameandika mambo yote yamwozeshayo kondoo: majani fulani, mafuriko, umande, na mengineyo. Katikati ya orodha hiyo alitaja kwamba konokono weupe ni wabaya kwa kondoo. Alisema neno hilo moja, akapita, wala hakueleza ubaya wao ni upi. Hatudhani kwamba alijua alilolisema, wala konokono wake hakuwa yule mwenye kosa. Lakini msomaji wa leo akifika mahali hapo hutamani kumshika mkono na kumwambia, Ngoja kidogo, bwana, tazama hapo tena.

Baadaye walikuja watu wa kupasua na kuchora. Francesco Redi, mganga wa Italia, alitoa picha ya mnyoo huo mwaka wa 1668, na mwaka wa 1698 Mholanzi Govert Bidloo aliandika barua ndefu kwa rafiki yake Leeuwenhoek, yule mjuzi wa hadubini, kumweleza habari za mnyoo na mayai yake. Walieleza vizuri walichokiona, lakini njia ya kuingia katika ini hawakuiona.

Hapa twataka kukaa kidogo juu ya habari ya Robert Bakewell wa Dishley, mfugaji mashuhuri wa Uingereza aliyefariki mwaka wa 1795. Bwana huyu alitengeneza kondoo wa namna mpya, wanene na wepesi kukua, na watu walimlipa fedha nyingi ili kuazima madume yake. Wale asiowataka kwa kuzalisha aliwauza kwa wachinjaji. Akaogopa kwamba mchinjaji mwerevu asije akawaficha kondoo hao na kuwazalisha kwa siri. Basi yasimuliwa kwamba aliyafungulia maji malisho yake wakati wa kiangazi, maji yakatuama, kisha yakaondolewa. Halafu akawalisha humo kondoo wa kuuzwa. Kwa njia hiyo alikuwa na yakini kwamba wote wataoza, na ya kuwa atakayewaficha ataficha mizoga. Tazameni ajabu hii: watu walikuwa wamejua kuufanya ugonjwa kwa makusudi, na kuufanya kwa faida, karibu miaka 100 kabla ya yeyote kujua ugonjwa wenyewe ni kitu gani. Wachungaji wengine walijua pia kwamba kondoo walishwao katika malisho ya ufukoni, yafikiwayo na maji ya chumvi, hawaozi. Ujuzi wao ulikuwa wa kweli, ila haukuwa na mzizi.

Mnyama mwenye ugonjwa huu hafi papo hapo, ila kama amemeza wingi mkubwa kwa mara moja. Kwanza hulegea. Damu yake hupungua, hata ukifunua ukope wa jicho huuona mweupe badala ya mwekundu. Manyoya hung'oka kwa urahisi. Kisha chini ya taya hutokea uvimbe laini kama kimfuko cha maji, na tumbo hushuka. Mchungaji huona kundi zima linanyong'onyea miezi kadhaa baada ya mvua, wakati ambapo malisho yenyewe yamekwisha kukauka na hayatuhumiwi tena.

Katika majira ya 1830 na 1831 kondoo zaidi ya milioni 1 walikufa hivyo katika Uingereza. Lakini mwaka usiosahaulika ni 1879. Mwaka huo mvua haikukoma na jua halikuonekana. Nafaka ilioza mashambani, na wakati uleule ngano ya Amerika ilikuwa ikishushwa bandarini kwa bei rahisi, hata mkulima hakuweza kupandisha bei ya kile kidogo alichovuna. Wengi walitumaini kwamba kondoo ndio watakaowalipia kodi ya shamba. Ndipo kuoza kulipoingia. Katika majira hayo ya 1879 na 1880 kondoo wapatao milioni 3 waliangamia katika Uingereza na Wales. Kondoo milioni 3 si hesabu ya vitabuni tu: ni watu waliofunga malango ya mashamba waliyoyalima baba zao, wakaenda kutafuta kazi mijini.

Msiba huo ulifanya jambo ambalo miaka 500 ya misiba midogo haikulifanya. Chama cha Kifalme cha Kilimo cha Uingereza kilitoa fedha ili asili ya mnyoo itafutwe, na profesa Rolleston wa Oxford akampendekeza kijana mmoja, Algernon Thomas, ambaye alikuwa na umri wa miaka 23 tu. Alianza kazi mwezi wa Juni, 1880.

Thomas hakuanza gizani kabisa. Mwaka wa 1842 Steenstrup, Mdenmarki, alikuwa ameonyesha kwamba minyoo ya namna hii haizai mfano wake moja kwa moja. Huzaa watoto wa umbo jingine, na hao huzaa wa umbo jingine tena, na baadhi ya maumbo hayo hukaa ndani ya konokono. Kwa hiyo konokono alikuwa ametuhumiwa. Lakini konokono gani? Katika malisho ya Uingereza wako wa namna nyingi, na wengine walimshuku hata koa mweusi, asiye na nyumba. Thomas aliamua kwenda penye kondoo waliooza na kuokota kila aliyemkuta. Karibu na Oxford pana mahali paitwapo Wytham, na huko, katika mwezi wa Desemba, alipata konokono mdogo, nyumba yake haizidi sentimita 1, asiyekaa ndani ya maji bali juu ya tope, kando ya mifereji na katika nyayo za wanyama. Ndani ya mwili wake alikuta vidudu vyenye mkia. Hapo alidhani amemkamata mwizi; lakini kudhani si kuthibitisha. Ilimpasa kumchukua konokono mzima asiye na ugonjwa, kumpa watoto wa mnyoo, na kuona kwa macho yake wanamwingia.

Mwaka wa 1881 ukapita wote akitafuta konokono hao wala hasipate wa kutosha. Hebu fikirini: fedha za chama zimo mkononi, wafugaji wanangoja, na konokono ambaye mwaka uliopita alikuwa ameua mamilioni ya kondoo hataki kuonekana. Jua lilikuwa limekausha tope. Hata mwezi wa Julai, 1882, mto wa Thames ukafurika karibu na Oxford, maji yakawaleta konokono kwa wingi hata akawaokota kwa mamia. Akawatia chomboni pamoja na watoto wa mnyoo, akatazama kwa hadubini. Mtoto hutoka katika yai amefunikwa vinyweleo, akiogelea mbio kama aliyepotelewa na kitu. Akimkosa konokono wake kwa muda wa siku moja hivi, hufa. Akimpata humkita kwa kichwa na kuzunguka kama kekee, hata atoboe na kuingia.

Wakati uohuo, katika Leipzig, profesa Rudolf Leuckart wa Ujerumani alikuwa akifuata njia ileile. Alianza na konokono wa jamii nyingine. Watoto waliingia, wakaanza kukua, kisha wakafa, naye akajua kwamba amekosea nyumba. Mwaka wa 1882 naye alimfikia yule mdogo wa topeni. Wawili hawa walitangaza habari zao karibu wakati mmoja, yule wa Kiingereza katika Januari, 1883, wala hakuna haja ya kugombana ni nani wa kwanza. Mmoja alikuwa profesa aliyekuwa na sifa Ulaya nzima, na mwingine kijana aliyeanza kazi juzi, konokono hakuwabagua.

Basi mwendo wenyewe ni huu. Mnyoo mmoja uliokomaa hutaga maelfu ya mayai kila siku. Mayai hushuka kwa nyongo, hutoka na mavi, na yakifika majini penye joto huanguliwa baada ya majuma mawili au matatu. Mtoto akimwingia konokono huzaliana humo bila kuoana, hata kutoka mmoja huweza kupatikana mamia. Baada ya majuma 6 au 7 hutoka konokononi, sasa wana mkia kama viluwiluwi vya chura. Huogelea kidogo, hupanda juu ya jani, huangusha mkia, na kujifungia katika kifuko kigumu. Hapo hungoja mdomo wa mnyama.

Hatua hii ya mwisho Thomas aliidhani tu. Kabla ya kuithibitisha alikwenda New Zealand mwaka uleule wa 1883 kuwa profesa katika Auckland, akaishi huko hata kufa kwake mwaka wa 1937. Aliyethibitisha ni Adolfo Lutz, mganga wa Brazil, aliyekuwa katika visiwa vya Hawaii kwa ajili ya wagonjwa wa ukoma. Mnamo mwaka wa 1892 aliwalisha wanyama vile vifuko, wakapata minyoo. Hata hapo watu walidhani kwamba mnyoo mchanga hupanda kutoka tumboni kwa njia ya mrija wa nyongo, kwani ndiyo njia iliyo wazi. Sinitsin, Mrusi, alionyesha mwaka wa 1914 kwamba sivyo. Mnyoo mchanga hutoboa utumbo, hutoka nje yake, hutambaa katika uwazi wa tumbo mpaka kwenye ini, hulitoboa kwa nje, na kulila likiwa hai kwa majuma 6 au zaidi kabla ya kuufikia mrija. Ndipo swali la watoto wetu lilipojibiwa: haukupita mlangoni, umevunja ukuta.

Kabla hatujafika Afrika yatupasa kupitia Italia, maana huko ilionekana kwamba wanyama wa mwitu nao wanayo sehemu yao. Mfalme Vittorio Emanuele wa Pili alikuwa mpenda kuwinda. Mwaka wa 1865 waliletwa kulungu wakubwa kutoka Amerika, waitwao wapiti, wakatiwa katika bustani yake ya kuwindia karibu na Turin. Walikuja na mali yao ndani ya maini. Mwaka wa 1875 Roberto Bassi, mjuzi wa magonjwa ya mifugo, alieleza mnyoo mkubwa sana, uwezao kufikia sentimita 10, uliokuwa ukiwaua kulungu wa bustani ile. Katika kulungu wa kwao Amerika mnyoo huo hujengewa kifuko ndani ya ini, mnyama akaendelea kuishi. Lakini ukimwingia kondoo au mbuzi hauna mahali pa kutulia, huzunguka ndani ya ini ukikata kila upande, na minyoo michache tu yatosha kumwua. Baadaye ulionekana katika nchi ya Wacheki na katika misitu ya mto Danube, na hata leo hukutikana huko. Hayo yote kwa ajili ya wanyama walioletwa ili mfalme apate shabaha nzuri.

Na sisi katika Afrika tunao mnyoo wetu, mrefu kuliko ule wa Ulaya, wa sentimita 7 hivi. Yafaa kujua kwamba wataalamu hawakuupata kwanza katika ng'ombe. Mwaka wa 1855 Mwingereza Cobbold aliueleza kutoka katika ini la twiga aliyekuwa amepelekwa Ulaya kuonyeshwa kwa watu, akafa huko. Mwaka wa 1910 Leiper alieleza mwingine ukaao katika kiboko, akauita kwa jina la Nyanza. Nyati nao huupata ule wa ng'ombe. Kwa hiyo anayedhani kwamba mnyama wa mwitu ni mzima kwa kuwa hakuna aliyempasua ini, na ajihadhari. Mifugo na wanyama hao hunywa kisima kimoja.

Tofauti iko katika konokono. Yule wa Ulaya hukaa topeni, na kwa hiyo msiba wa huko huja kwa mvua nyingi. Konokono wetu hukaa ndani ya maji yenyewe, katika mabwawa, vijito na mifereji ya mashamba ya mpunga. Kwa hiyo kiangazi, ambacho kingekuwa wokovu wa kondoo wa Kiingereza, kwetu ndicho kiletacho mifugo yote penye dimbwi moja lililobaki, ikanyage, inye, inywe, na kula majani mabichi ya ukingoni, kwa kuwa hakuna mengine. Katika miaka 10 ya 1990 mpaka 1999, ng'ombe wapatao 8 katika kila 100 waliochinjwa katika machinjio ya Kenya walionekana na ugonjwa huu. Hasara ya dunia nzima imekadiriwa kupita dola bilioni 3 kwa mwaka. Lakini ini lililotupwa ni hasara iliyo ndogo, kwani hiyo huonekana. Maziwa yaliyopungua kikombe kimoja kila asubuhi, ndama aliyechelewa mwaka mzima, dume la kulimia lililolala katikati ya matuta, hayo hayaandikwi katika daftari ya mkaguzi, na mwenyewe husema ni umri wa ng'ombe, au ni majani mabaya, au ni jirani mwenye kijicho. Wala mwanadamu hakusalimika: katika Misri na Bolivia watu wengi huupata kwa kula mbichi mimea ya majini.

Dawa zimekuwako. Katika miaka ya 1920 wanyama walinyweshwa tetrakloridi ya kaboni, iliyoua minyoo mikubwa na pengine ikamwua na mnyama, na mabwawa yalitiwa mrututu ili kuua konokono, na samaki wakafa pamoja nao. Mwaka wa 1983 ilikuja triklabendazoli, dawa njema kuliko zote zilizotangulia, kwa maana huua hata minyoo michanga ingali inakata ini. Ilitumiwa kila mahali, tena na tena, hata mwaka wa 1995 ilipotangazwa katika Australia kwamba wako kondoo ambao minyoo yao haifi tena kwa dawa hiyo. Tangu hapo habari kama hizo zimetoka katika nchi nyingine nyingi.

Mashauri ya Thomas mwaka wa 1883 yalikuwa ya namna nyingine. Alisema maji yaondolewe malishoni kwa mifereji, samadi ya kondoo wagonjwa isimwagwe penye majimaji, na wanyama wapewe chumvi. Kwetu mfugaji awezaye kujenga birika la kunyweshea, na kuweka ua wa miiba kuzunguka bwawa ili ng'ombe wasiingie majini, amefanya mengi bila kununua chupa moja ya dawa. Lakini twajua kwamba mwenye ng'ombe watatu hana bwawa lake mwenyewe, na penye bwawa la watu wote ua hujengwa na wote au haujengwi.

Katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, huko Kitulo, penye baridi kama ya Ulaya, ng'ombe wameonekana na mnyoo si ule mrefu wa Afrika bali ule mfupi wa kondoo wa Kiingereza. Wataalamu walipotafuta katika malisho yenye majimaji walimkuta na konokono wake, yule mdogo wa Wytham, amekaa juu ya tope.